Ini la Kichina halisafishwi

Wengi wanaokuja kwangu kwa sababu ya msongo wa mawazo huwa wameshajitafutia ugonjwa kabla hawajakaa kitini. "Daktari, ini langu limejaa sumu, naomba dawa ya kulisafisha." Wameona video mtandaoni, wameuziwa unga wa kijani wa kukoroga asubuhi, na wamesikia kwamba kwa Wachina hasira na mawazo hukaa kwenye ini. Hilo la hasira na mawazo limo kweli katika tiba niliyosomea. Hilo la sumu na kusafisha halimo, na limeshawaumiza watu. Nataka kulieleza taratibu.

Tuanze na ini lenyewe. Katika makala hii nikiandika "ini" kwa herufi ndogo, nina maana ya kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kulia, kinachopimwa damu maabara. Nikiandika "Ini" kwa herufi kubwa, nina maana ya Ini la tiba ya Kichina, yaani jumla ya kazi fulani za mwili na za moyo. Mtu anaweza kuwa na vipimo vya ini visivyo na doa, na bado Ini lake likawa limebanwa. Hao ndio wengi ninaowaona.

Kitabu kikongwe cha tiba hii, Huangdi Neijing, kilichokusanywa takriban karne ya 2 hadi ya 1 kabla ya Kristo, kinavieleza viungo kama maofisa wa dola. Moyo ndiye mfalme. Ini ni jemadari, na kwake ndiko hutoka mipango na mikakati. Kazi kubwa ya jemadari huyu ni kuhakikisha mambo yanapita. Chi, ule uhai unaotembea mwilini, unapaswa kupanda, kushuka na kuenea bila kuzuiwa, ili chakula kishuke, pumzi itoke, hedhi ije wakati wake, kilio kije na kiishe. Ini pia hutunza damu, na kwa damu hiyo hulisha macho, kano na kucha. Ye Tianshi, tabibu wa enzi ya Qing (1667–1746), alifundisha kwamba mwili wa Ini ni yin, yaani upande wa utulivu na unyevu, na utendaji wake ni yang, upande wa moto na mwendo. Kwa lugha ya kliniki: jemadari ni mkali kwa asili, na kinachomlainisha ni damu. Ndiyo maana mama aliyetoka kujifungua, au mtu aliyekesha usiku mwingi mfululizo, hukasirika kwa jambo dogo hata kama si mtu wa hasira.

Kitabu hichohicho kinasema hasira huipandisha chi, woga huishusha, mawazo mengi huifunga fundo. Watu wakisikia hivyo hufikiria mtu mgomvi anayepiga meza. Kwangu hao ni wachache. Anayekuja ni yule anayemeza. Ni mfanyakazi anayefokewa mbele ya wenzake na kujibu "sawa, bosi". Ni mke anayeishi na wakwe, maneno yamemkata maini, lakini adabu haimruhusu kujibu. Ni kijana aliyesomeshwa kwa michango ya ukoo mzima, sasa yuko nyumbani hana kazi, na kila simu inayoita ni ya shangazi anayeuliza. Chi inataka kupanda na kutoka, mlango umefungwa, inabaki palepale ikisukuma. Hali hii Wachina huiita gan qi yujie: chi ya Ini imekwama.

Ikikwama huacha alama ambazo, ukizijua, huzikosi. Mbavu hujaa na kubana, hasa pembeni. Mtu hushusha pumzi ndefu kila baada ya sentensi mbili bila kujijua, kwa sababu kila pumzi humlegezea kifua kidogo. Matiti huvimba na kuuma siku kadhaa kabla ya hedhi, na hedhi yenyewe hurukaruka. Maumivu hayakai mahali pamoja. Hupungua akiwa likizo, akicheka, akitembea, kisha hurudi Jumapili jioni anapoikumbuka kazi. Mapigo yake chini ya vidole vyangu huwa yamekazwa kama uzi wa udi.

Kuna alama moja inayowatisha watu kuliko zote. Ni kitu kooni ambacho hakimezeki wala hakitemeki. Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, yapata mwaka 150 hadi 219, alieleza kwamba mgonjwa huhisi kana kwamba kipande cha nyama ya kuchoma kimenata kooni, akaandika dawa yake, Banxia Houpo Tang, ambayo bado tunaitumia. Wengi hufika wakiamini wana saratani ya koo. Mimi huwaambia kwanza waende kwa daktari wa koo wakapigwe kamera. Koo likionekana safi, na chakula kinapita bila shida, ndipo tunaongea habari za chi.

Zhang Zhongjing huyohuyo ndiye aliyetuachia kanuni ninayoitumia kila siku ya kazi: ukiona ugonjwa wa Ini, jua kwamba Ini litaupeleka kwenye Bandama, basi imarisha Bandama mapema. Bandama katika tiba hii ni mfumo wa usagaji chakula. Ini ni mti, Bandama ni udongo, na mizizi ya mti hupasua udongo. Ndiyo ile kuhara asubuhi ya mtihani, gesi na kubeua baada ya ugomvi, kiungulia kinachoanza mwisho wa mwezi mwenye nyumba anapopiga simu. Daktari wa hospitali angeeleza mambo haya kwa adrenalini, kotisoli na mishipa ya fahamu inayounganisha ubongo na utumbo, na angekuwa sahihi. Sisemi maelezo haya mawili ni kitu kimoja. Nasema yote mawili yanamwangalia mgonjwa yuleyule, na yote yanakataa kwamba anajifanyisha.

Uhusiano huu wa mti na udongo hautembei upande wa kuumiza tu. Zhang Congzheng (1156–1228), tabibu wa enzi ya Jin, aliitwa kumtibu mke wa tajiri ambaye mawazo yalikuwa yamemnyima usingizi kwa miaka miwili. Alipoyapima mapigo akaona Bandama imefungwa fundo na mawazo. Akapanga na mumewe: akachukua fedha nyingi, akakaa siku kadhaa nyumbani mwao akinywa pombe, kisha akaondoka bila kuandika dawa hata moja. Yule mama alipandwa na hasira, akatoka jasho, na usiku ule akalala. Inasimuliwa kwamba alilala siku nane au tisa, alipoamka akaomba chakula. Hasira, ambayo ni ya mti, ilifungua fundo la udongo. Siwezi kumfanyia hivyo mgonjwa wangu, lakini naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha hasira haikuhesabiwa kuwa uchafu. Ni nguvu inayotaka njia.

Sasa turudi kwenye dawa. Ile maarufu kuliko zote kwa Ini lililokwama inaitwa Xiaoyao San, na imo katika kitabu cha maduka ya dawa ya serikali ya enzi ya Song, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwishoni mwa karne ya 11. Ina vitu vinane. Chaihu, mzizi wa mmea wa jamii ya karoti, na majani kidogo ya nanaa hufungua njia. Danggui na baishao hulisha damu. Baizhu, fuling na gancao huimarisha tumbo, na tangawizi iliyookwa hulipasha moto. Tazama uzito ulipo. Viwili tu ndivyo vinavyosukuma, vilivyobaki vinalisha na kulinda. Waliotunga dawa hii waliona mtu aliyechoka ambaye chi yake imekwama, na kumkamua zaidi kungemmaliza. Hakuna cha kuharisha humo wala cha kusafisha. Hata chaihu haitolewi ovyo, maana walimu wa zamani walionya kwamba ikinywewa muda mrefu bila kuangaliwa huikausha yin ya Ini.

Ipo kweli hali ambapo chi iliyokwama hugeuka moto. Macho huwa mekundu, mdomo mchungu asubuhi, kichwa huuma pembeni, masikio huvuma. Hapo hutumika dawa chungu na baridi kama Longdan Xiegan, na hii ndiyo iliyopotoshwa ikawa "dawa ya kusafisha ini". Historia yake ni nzito. Kwa miaka mingi vidonge vyake nchini China vilitengenezwa kwa mmea uitwao guanmutong badala ya mutong wa asili. Guanmutong ina asidi ya aristolokia, ambayo huua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Watu walimeza vidonge hivyo muda mrefu "kupoza Ini", na baadhi yao wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Madaktari wa Ubelgiji walikuwa wameshatoa taarifa mwaka 1993 kuhusu wanawake walioharibika figo kwa dawa za kupunguza unene zenye mmea wa jamii hiyohiyo. China ilipiga marufuku guanmutong mwaka 2003. Na heshouwu, mzizi unaouzwa sana kwa ajili ya nywele na nguvu, umehusishwa na visa vingi vya ini, lile la herufi ndogo, kuharibika. Kwa hiyo mtu akikuuzia mchanganyiko usio na orodha ya vilivyomo, usimeze.

Jambo jingine linalozunguka mtandaoni ni lile la saa. Eti ukiamka kati ya saa saba na saa tisa usiku, Ini lako linaumwa. Saa hizo kweli ni za mshipa wa Ini, yaani njia ya chi na si mshipa wa damu, katika hesabu ya zamani iliyotumika kuchagua wakati wa kuchoma sindano. Mimi situmii saa peke yake kumwambia mtu anaumwa nini. Anayeamka saa nane usiku huenda ana deni, ana mtoto mchanga, au amelala na pombe.

Kuhusu ushahidi, Shirika la Afya Duniani liliingiza hali ya chi ya Ini kukwama katika orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Lengo ni kuhesabu na kulinganisha, na shirika lenyewe lilieleza kwamba kuorodhesha si kuthibitisha kwamba tiba inafanya kazi. Majaribio ya Xiaoyao San ni mengi, karibu yote ya China, na mengi ni madogo na hayakupangwa kwa umakini. Kwa hiyo simwachishi mtu dawa za sonona alizoandikiwa hospitali, na simpi mitishamba bila kujua anakunywa nini kingine.

Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai, tumbo likajaa maji, au ukikonda bila sababu, hilo ni ini la herufi ndogo na ni la hospitali. Homa ya ini aina ya B imeenea katika nchi zetu na hukaa kimya miaka mingi, basi pima, na kama huna, chanjo ipo. Na anayefikiria kujiua asisubiri miadi yangu. Aende hospitali siku hiyohiyo, na asiende peke yake.

Kwa yule ambaye vipimo ni safi na kifua kimebana, ninachofanya ni kidogo kuliko anavyotarajia. Huchoma sindano nne nyembamba, mbili kwenye nukta iitwayo Taichong, moja kila mguu, na mbili kwenye Hegu, moja kila mkono. Taichong unaweza kuibonyeza mwenyewe: weka kidole kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili yake, kisha kisogeze kuelekea kifundo mpaka kidumbukie kwenye bonde mahali mifupa inapokaribia kukutana. Ukigusa panapouma, ndipo hapo. Hegu iko kwenye nyama kati ya gumba na kidole cha shahada, na mjamzito asiibonyeze.

Kisha namsimamisha nimfundishe zoezi moja la Baduanjin, mazoezi ya kale ya Kichina ya polepole, lile la ngumi na macho. Simama miguu ikiwa imetanuliwa, magoti yamekunjwa kidogo, ngumi kiunoni. Sukuma ngumi moja mbele polepole huku unatoa pumzi, umeikaza, macho umeyatoa kwa ukali ukiiangalia. Irudishe, sukuma nyingine. Macho na kano ni vya Ini, ndiyo sababu ya kukodoa namna hiyo. Wanawake wengi huona haya mwanzoni, husema hawajawahi kumkodolea mtu macho tangu utotoni. Nawaambia waendelee, ukuta haukasiriki. Mara sita au nane kila upande asubuhi zinatosha, kabla ya kushika simu.