Warren Jeffs hakufungwa kwa kuoa wake wengi

Dhana: FLDS, kundi la kidini linaloongozwa na Warren Jeffs, ndio Wamormoni wenyewe.
Hapana. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani la Wamormoni, lenye makao yake Salt Lake City, Marekani, lilitangaza kuacha mitara mwaka 1890. Leo muumini wake akioa mke wa pili hufukuzwa. FLDS ni kundi lililojitenga na kujikita Hildale, Utah, na Colorado City, Arizona, miji miwili inayogusana mpakani.

Dhana: kosa la Jeffs lilikuwa mitara.
Hii imeenea sana, na msomaji wa Tanzania au Kenya, ambako sheria inaitambua ndoa ya mitara, ana haki ya kushangaa. Jeffs alihukumiwa Texas, Agosti 2011, kifungo cha maisha na miaka 20 juu yake kwa kuwanajisi wasichana wawili, wa miaka 12 na 15, aliowaita wake zake wa kiroho. Kipimo cha DNA kilionyesha kwamba ndiye baba wa mtoto aliyezaliwa na yule wa miaka 15; kuhusu mwenzake, juri lilisikilizishwa kanda ya sauti.

Mitara yenyewe ni ngumu kuishtaki. Kwa kawaida mke wa kwanza tu ndiye husajiliwa serikalini. Wengine hufungishwa ndoa kidini, bila cheti. Na mwaka 2020 Utah ilishusha kosa hilo, kwa watu wazima walioridhiana, hadi kiwango cha kosa la barabarani.

Dhana: simu iliyowapeleka polisi kwenye ranchi ya FLDS ilikuwa ya uongo, basi kesi ya Jeffs ni batili.
Simu ilikuwa ya uongo kweli. Aprili 2008 polisi waliingia ranchi ya Yearning for Zion, karibu na Eldorado, Texas, wakimtafuta binti wa miaka 16 ambaye hakuwahi kuwepo. Hata hivyo jaji aliupokea ushahidi uliopatikana humo, kwa kuwa walioomba hati ya upekuzi waliamini walichoambiwa. Serikali ilikwama kwenye suala la watoto: ilichukua zaidi ya 400, vichanga wakiwemo, na mwezi uliofuata mahakama zikaamuru warudishwe, maana haikuthibitika kwamba wote walikuwa hatarini. Hayo ni mashauri mawili tofauti, ingawa watu huyachanganya kila siku.

Dhana: Utah ilimwona hana hatia.
Hukumu ya Utah ya 2007, ya kushiriki ubakaji, ilifutwa 2010 kwa sababu juri lilipewa maelekezo yenye kasoro. Basi.

Dhana: Jeffs alipofungwa, kesi za FLDS zikaisha.
Mwaka 2016 watu 11 wa FLDS walishtakiwa kwa kuchezea kadi za msaada wa chakula. Kadi ilipitishwa kwenye mashine katika duka la waumini, bidhaa haikutoka, fedha zikaelekezwa kwingine; au chakula kilinunuliwa kweli kikaishia ghala la kanisa, wakati kisheria ni cha kaya iliyosajiliwa tu. Lyle Jeffs, nduguye Warren, alivua bangili ya mguuni ya kumfuatilia akatoroka; FBI walisema huenda alijipaka mafuta ya zeituni ili iteleze. Alikamatwa South Dakota, Juni 2017. Kabla ya hapo, Machi 2016, juri la Phoenix liliamua kwamba miji yote miwili iliwabagua wakazi wasio waumini, hata katika kuunganishiwa maji.