Mchango wa Mlo wa Pamoja Humfikiaje Mwanamke Mwenye Fistula

Mimi ni mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwahudumia wanawake wenye fistula ya uzazi, yaani tundu linaloachwa na uzazi mgumu na kumfanya mama avuje mkojo au haja kubwa. Vikundi vya wanawake wanaokutana kula pamoja na kuchangia afya ya wenzao wa nchi nyingine huniuliza mara kwa mara wapeleke wapi fedha zao, na wengi hutarajia niwatajie gharama ya upasuaji mmoja.

Kikundi kinachojulikana sana cha aina hii kilianza Marekani mwaka 2003, Marsha Wallace alipowaalika marafiki zake huko Greenville, South Carolina, waje kila mmoja na chakula alichopika, kisha watoe fedha ambazo wangezitumia kula mgahawani. Kiliitwa Dining for Women, kikazaa vikundi vingine vingi, na sasa kinaitwa Together Women Rise. Mimi nauthamini utaratibu huo kwa sababu wanakikundi hukutana kila mwezi na hujifunza habari za mradi wanaouchangia. Mchango wa mara moja hununua kifaa. Unaorudiwa huweza kubeba gharama zinazojirudia, na kwa mgonjwa wa fistula gharama hizo ndizo zinazoamua kama atapona.

Fistula hutokea pale uchungu pingamizi, yaani ule ambao mtoto hawezi kupita, unapoendelea kwa siku kadhaa bila msaada, kichwa cha mtoto kikakandamiza nyama laini kwenye mifupa ya nyonga hadi damu isipite, nyama hiyo ikafa na kuacha tundu kati ya uke na kibofu cha mkojo, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mara nyingi mtoto huzaliwa amefariki, na mama hubaki akivuja mkojo au haja kubwa mchana na usiku, jambo linalomtenga na watu. Tiba ipo: madaktari Reginald na Catherine Hamlin walifungua hospitali ya fistula mjini Addis Ababa mwaka 1974, na tangu hapo maelfu ya wanawake wametibiwa humo.

Hata hivyo, upasuaji wa bure hauna faida kwa mwanamke asiye na nauli. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililitambua hilo mapema, ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wa kujitolea, ambao huwatafuta wagonjwa vijijini na kuwasafirisha. Kiasi kinachotumwa ni kidogo ukikilinganisha na bei ya vifaa vya upasuaji, lakini bila hicho kitanda kingebaki kitupu. Baada ya upasuaji mgonjwa hukaa na mpira unaotoa mkojo kwenye kibofu kwa takriban wiki mbili, akihitaji chakula, maji mengi na muuguzi wa kuhakikisha kwamba mpira haujaziba, kwa kuwa kibofu kikijaa, mshono unaweza kuachia. Wafadhili wakubwa hupenda kujenga majengo. Zamu ya usiku ya muuguzi huyo haina jiwe la msingi la kuzindua, nami huviomba vikundi viichangie bila kusita.

Jambo moja huwakatalia waziwazi: kudai picha na simulizi ya mgonjwa ili mkutano ujao uwe na mvuto. Mwanamke aliyefichwa kwa miaka kwa sababu ya harufu ya mkojo hapaswi kulipia matibabu yake kwa uso wake. Badala yake, vikundi viiulize hospitali wanawake wangapi walirudi kwa uchunguzi baada ya miezi kadhaa, na wangapi walibaki wakavu, yaani bila kuvuja tena.

Viulize pia kuhusu mimba inayofuata, maana aliyepona fistula kwa kawaida hushauriwa kujifungua kwa upasuaji, akiwa karibu na hospitali kabla uchungu haujaanza. Nauli ya safari hiyo, pamoja na malazi ya wiki za mwisho za ujauzito, ni gharama ambayo kikundi kinachokutana kila mwezi kinaweza kuimudu.