Geti la EPZ: yanayosemwa mtaani na yaliyomo kwenye sheria

Kenya ilitunga Sheria ya EPZ (maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje) mwaka 1990 na Sheria ya SEZ (maeneo maalumu ya kiuchumi) mwaka 2015. Tanzania Bara ilitunga ya kwanza mwaka 2002 na ya pili mwaka 2006, kisha mwaka 2025 ikaleta sheria moja badala ya zote mbili, na EPZA, iliyosimamia maeneo haya, ikaunganishwa na Kituo cha Uwekezaji (TIC) kuwa mamlaka moja, TISEZA. Sheria zimebadilika, ila maneno yanayosemwa kuhusu maeneo haya hayajabadilika, na mengi hayafanani na kilichoandikwa. Hapa tumekaa zaidi kwenye yale yanayowatia watu hasara, mengine tumeyapitia haraka.

"Ndani ya uzio hakuna kodi"

Kuna kodi, na kuna kodi iliyosimamishwa. Hivi viwili vikichanganywa ndipo balaa linapoanza.

Ushuru wa forodha na VAT kwenye malighafi inayoingia eneo la EPZ haujafutwa, umewekwa kando. Serikali inasema: deni hili litakaa hapa mpaka tuone bidhaa imetoka nchini. Ikitoka, deni linakufa. Isipotoka, au isipojulikana ilikokwenda, mwenye leseni anadaiwa.

Kodi ya mapato ya kampuni ni jambo jingine, na kila mpango una viwango vyake. Kenya, kampuni ya EPZ hailipi kodi hiyo kwa miaka 10 ya kwanza, halafu inalipa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Kampuni ya SEZ inalipa tangu mwanzo: asilimia 10 kwa miaka 10, kisha asilimia 15 kwa miaka 10 mingine. Kwa hiyo anayesema "SEZ ya Kenya haina kodi" amesoma sheria ya jirani yake. Tanzania, Sheria ya EPZ ya 2002 ilitoa msamaha wa miaka 10 pamoja na msamaha wa kodi ya zuio (inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mlipwaji) kwenye gawio, pango na riba kwa kipindi hicho hicho. Msamaha huo ni wa kampuni. Watumishi wake wanakatwa kodi ya mishahara (PAYE) kama kawaida, na michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa kila mwezi.

Kabla ya kupiga hesabu za faida, uliza miaka 10 inaanza kuhesabiwa lini: siku ya leseni, siku ya uzalishaji, au siku ya mauzo ya kwanza. Kiwanda kinachotumia miaka mitatu kujenga na kufunga mitambo kinaweza kuona karibu theluthi ya msamaha ikiishia kwenye vumbi la saruji.

Msimamizi naye ana la kuangalia hapa. Ujanja wa kwanza ni kampuni pacha: moja ndani ya eneo, nyingine nje, mwenye mali mmoja. Ya nje inaiuzia ya ndani kwa bei ya kutupa, faida yote inatokea upande usiotozwa. Ujanja wa pili ni kiwanda cha zamani kinachohamia ndani ya geti kikiwa na jina jipya, au kinachofungwa mwaka wa kumi na kuzaliwa upya mwaka wa kumi na moja. Ndiyo sababu Kenya inataka kampuni iandikishwe mahususi kwa shughuli za eneo, na masharti ya EPZ Tanzania yalitaka uwekezaji uwe mpya. Masharti hayo yana maana pale tu anayekagua maombi anapofuatilia majina ya wakurugenzi na namba za mashine, badala ya kutazama jina la kampuni peke yake.

"EPZ na SEZ ni majina mawili ya kitu kimoja"

EPZ imefungwa kwenye mauzo ya nje. SEZ ni mwavuli mpana: Kenya unafunika maeneo ya viwanda, bandari huru, teknolojia ya habari, kilimo, mifugo, hata utalii, na kampuni haitakiwi kuuza nje sehemu fulani ya mali yake ili ipewe leseni.

Tofauti hii ina mzizi Geneva pia. Mkataba wa ruzuku wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), lenye makao huko, unakataza nchi kutoa ruzuku, ikiwemo msamaha wa kodi ya mapato, kwa sharti la kuuza nje. Tanzania inaepuka katazo hilo ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, na Kenya imetajwa kwenye Kiambatisho cha VII cha mkataba huo, ambacho kinaiondoa kwenye katazo hilo mpaka pato lake lifike dola 1,000 kwa kila mtu kwa thamani ya dola ya mwaka 1990. Kurejesha au kusamehe ushuru wa malighafi iliyoingia kwenye bidhaa inayouzwa nje hakuna ubishi, mradi kisizidi ushuru wenyewe.

"Bidhaa ya EPZ hairuhusiwi kuuzwa hapa"

Inaruhusiwa, kwa kibali, kwa kipimo na kwa kulipa. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ibara ya 25, inasema mali iliyonufaika na mipango ya kukuza mauzo ya nje ni ya kuuzwa nje. Ikiuzwa ndani ya himaya ya forodha isizidi asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka, na ilipiwe ushuru wote kwa viwango vya pamoja ambavyo jumuiya inatoza mali ya kutoka nje.

Neno linalowaponyoka wengi ni "himaya ya forodha". Himaya hiyo ni jumuiya nzima. Kiwanda cha EPZ cha Athi River, Kenya, kinachouza Kampala au Kigali hakijauza "nje" kwa maana ya itifaki. Kikitengeneza mashati 200,000 kwa mwaka, 40,000 ndiyo mwisho kwa Kenya, Uganda, Tanzania na wenzao wote kwa pamoja, na kila shati linalipiwa. Kuna wanaopanga biashara nzima wakidhani soko la jumuiya liko wazi kwao kwa sababu kiwanda kiko Afrika Mashariki, kisha wanashtukia mpakani kwamba cheti cha uasili wa bidhaa hakiwasaidii.

Tazama hesabu yenyewe. Chukua shehena ya nguo yenye thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000 inayotoka eneo la EPZ kwenda Kariakoo. Kwa ngazi ya juu ya ushuru wa pamoja, asilimia 35, iliyoanza Julai 2022, ushuru ni 3,500,000. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya 13,500,000, nayo ni 2,430,000. Jumla 5,930,000, bila kugusa tozo nyingine. Mwenye kiwanda cha kawaida Ubungo aliyeagiza kitambaa kile kile alilipa ushuru wa kitambaa peke yake. Shati lake halilipi ushuru wa shati. VAT wote wawili wanaikuta.

Kwa hiyo malalamiko kwamba EPZ inaua viwanda vya ndani yanapiga pembeni ya shabaha. Mali ya EPZ iliyouzwa ndani kihalali huwa imebeba mzigo mzito kuliko ya mshindani wake. Kinachoua ni mali iliyotoka bila karatasi.

"Forodha wanalinda geti"

Ukuta wa mita tatu na kamera vinapendeza siku ya uzinduzi. Mali nyingi inayopotea hairuki ukuta. Inapotelea kwenye daftari.

Safari ya malighafi inaanza bandarini. Wakala anaiandikia tamko la kwenda EPZ, dhamana inawekwa kwa kiasi cha kodi iliyosimamishwa, kontena linafungwa lakiri na lori linafuatiliwa kwa mtambo. Likifika, ofisa wa eneo analinganisha namba za lakiri, anathibitisha mapokezi kwenye mfumo, na dhamana inaachiliwa. Hapa kosa la kawaida ni dogo na ghali: mzigo umefika, umeshushwa, mapokezi hayajaingizwa kwenye mfumo. Dhamana inabaki imeshikwa, kikomo cha dhamana za wakala kinajaa, na kontena linalofuata linakaa bandarini likihesabiwa gharama za hifadhi.

Ndani ya kiwanda, chombo cha udhibiti ni uwiano wa malighafi na bidhaa. Kabla ya uzalishaji, kiwanda kinawasilisha kiasi kinachotumika kwa kila kipande na kiasi kinachopotea, na mamlaka inakipima kwa kukata sampuli. Tuseme uwiano uliokubaliwa ni mita 1.6 za kitambaa kwa shati na mabaki ya asilimia 5. Zikiingia mita 10,000, baada ya mabaki zinabaki 9,500, nazo zinatoa mashati 5,937. Hati za kusafirisha zikionyesha mashati 5,400, na stoo ikiwa tupu, kuna mashati 537, yaani mita 859, yasiyo na maelezo. Kisheria hayo yamehesabiwa kuwa yameingia sokoni, na kodi yake inadaiwa pamoja na adhabu. Mchezo mkubwa kwa hiyo hufanyika mapema, pale kiwanda kinapotaja mabaki ya asilimia 12 wakati meza ya kukatia inapoteza 5. Zile 7 za ziada zinatoka kila mwezi bila mtu kuruka ukuta. Mamlaka isiyo na fundi anayejua kukata nguo, au kuchanganya plastiki, haiwezi kuubishia uwiano huo, itaukubali tu.

Mabaki yenyewe nayo ni mali. Vipande vya kitambaa vinanunuliwa na wajaza mito, mapipa matupu yana soko, na mashati yenye kasoro yana soko kubwa zaidi. Kila kundi linatakiwa kuteketezwa mbele ya ofisa au kuandikiwa tamko na kulipiwa kwa hali liliyo nayo. Kazi zinazofanyiwa nje ya eneo, kama kutarizi au kufua jinzi, zinahitaji kibali cha kutoa kwa muda chenye idadi na tarehe ya kurudi. Wakati wa kurudi wanahesabu vipande, hawahesabu mifuko. Na kiwanda kikifungwa, cherehani na majenereta yaliyoingia bila ushuru hayauziki mpaka ushuru ulipwe kwa thamani ya siku hiyo.

Tanzania na kwingineko huruhusu pia kiwanda kimoja kilicho mbali na eneo kupewa hadhi ya EPZ. Kwa mwekezaji wa kukamua mafuta au kusindika samaki karibu na malighafi, inafaa sana. Kwa forodha ni maofisa waliotawanyika kuhudumia viwanda kimoja kimoja, na gharama hiyo ni nadra kuiona kwenye makaratasi ya kutetea misamaha.

"Sheria za kazi haziingii humo"

Zinaingia. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004 inamlinda mfanyakazi wa eneo la Benjamin William Mkapa, Mabibo, sawasawa na wa Kariakoo, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya ujenzi. Imani hii imezaliwa na historia: Kenya, viwanda vya EPZ viliwahi kuondolewa chini ya Sheria ya Viwanda ya wakati ule, yaani usalama kazini ulibaki bila mkaguzi, na msamaha huo uliondolewa baada ya miaka zaidi ya kumi. Kinachokwamisha siku hizi ni mkaguzi wa kazi anayesimamishwa getini aombe ruhusa ya siku mbili kabla. Dawa yake ni kuandika kwenye kanuni za eneo kwamba kitambulisho cha mkaguzi kinatosha kuingilia.

"Ardhi ikishatengwa, eneo limepatikana"

Bagamoyo ilitengewa zaidi ya hekta 9,000, uthamini wa wananchi ukaanza mwaka 2008, na madai ya fidia yakaendelea miaka mingi baadaye. Tatizo lina tarakimu zake. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu ithibitishwe inaanza kuzaa riba, na uthamini wenyewe unaisha nguvu baada ya miaka miwili. Ukitangaza eneo zima wakati bajeti inalipia robo yake, robo tatu iliyobaki inapanda bei huku watu wamezuiwa kujenga na kupanda mazao ya kudumu. Ni heri hekta 100 zilizolipiwa, zenye kituo cha kupozea umeme, maji, na mtambo wa majitaka, kuliko ramani ya hekta elfu kumi.

"Kituo cha huduma mahali pamoja kimemaliza usumbufu"

Uliza swali moja: ofisa wa idara aliyeketi pale ana mamlaka ya kusaini, au anapokea faili na kulipeleka makao makuu? Kama analipeleka, umepewa foleni moja zaidi, yenye kiyoyozi. Zanzibar ina mamlaka yake, ZIPA, yenye maeneo ya Fumba na Micheweni. Leseni ya TISEZA haivuki bahari.

"Msamaha mkubwa zaidi ndio unaovuta wawekezaji"

Kwa makundi makubwa ya kimataifa, yale yenye mapato ya euro milioni 750 au zaidi kwa mwaka, msamaha umeanza kupoteza maana. Kwa makubaliano ya kimataifa kwamba kodi yao isipungue asilimia 15, tawi likilipa sifuri hapa, nchi ya kampuni mama inaweza kutoza zile 15. Kodi tuliyosamehe sisi inakusanywa na hazina ya mwenzetu. Kenya ililiona hilo na mwishoni mwa 2024 ikaweka kodi ya kujazia ili ikusanye tofauti hiyo yenyewe. Kampuni ndogo na za kati hazigusiki, bado msamaha ni wao. Ila serikali inayojadiliana na kundi kubwa ingefanya vizuri kuweka mezani vitu ambavyo hakuna nchi nyingine itakayovidai: umeme usiokatika, kontena linalotoka bandarini haraka, na marejesho ya VAT yanayolipwa kwa tarehe iliyoandikwa.