Je, wajua kwa nini mwandishi wa mambo ya pesa si lazima awe tajiri?

Kwenye baraza za kahawa hapa Mombasa, mtu akitajwa tu kwamba anaandika makala za pesa gazetini, swali ni lile lile: kama ajua hivyo mbona bado apanda matatu? Mmoja atatupia "mganga hajigangi", watu wacheke, mjadala umekwisha.

Swali lenyewe limekaa upande. Huyu hauzi utabiri, auza maelezo. Chukua mkopo wa shilingi 100,000 wa mwaka mmoja kwa riba ya 12% iliyopigwa flati: utalipa 112,000, kama 9,333 kila mwezi, na waona ni 12% tu. Lakini deni lenyewe lapungua kila mwezi na riba bado wakupigia kwa laki nzima, kwa hivyo riba ya kweli yapita 21%. Kukufungulia hesabu kama hiyo ndo kazi yake, na hakuna popote hapo anapohitaji kuwa na jumba Nyali.

Wapo waliotajirika, sikatai, lakini wengi utajiri wao watoka kwa wasomaji. Sylvia Porter wa New York alianza miaka ya 1930 akisaini S. F. Porter ili isijulikane ni mwanamke, mpaka 1942 ndo gazeti likamtoa wazi, na kitabu chake cha 1975 kikauza nakala zaidi ya milioni. Martin Lewis wa Uingereza alifungua tovuti ya mambo ya pesa 2003 kwa kama pauni 100, 2012 akaiuza kwa dili ya hadi pauni milioni 87.

Sasa kwani asinunue hisa kimya kimya kabla makala haijatoka? Hapa ndo patamu. Fikiria soko la Kongowea kuna jamaa kila alfajiri atangaza tungule za nani ni nzuri, na watu wamuamini, wakimbilia huko na bei yapanda. Siku akianza kumnong'oneza shemejiye usiku, shemeji anunue kreti zote mapema, kesho atangaze, shemeji auze kwa bei ya juu, basi anaelipa ile tofauti ni wewe uliemsikiza. Si tungule zimebadilika, ni tangazo. Na haifanyi kazi kila mara, mzigo ukiwa mkubwa sana tangazo la mtu mmoja halitikisi kitu.

R. Foster Winans wa gazeti la Marekani la Wall Street Journal alifanya hivyo hivyo 1983 hadi 1984, akimwambia dalali wa hisa safu yake ya kesho itasema nini. Faida ilikuwa kama dola 690,000, yeye na mwenzake aliekaa naye nyumba moja, si yule dalali, wakaambulia kama 31,000, yani hata wizi wenyewe alipunjwa. Alihukumiwa miezi 18. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani 1987, majaji walikuwa wanane, na kwenye sheria ya hisa wakagawanyika nne kwa nne, hukumu ya mahakama ya chini ikabaki. Walichokubaliana wote ni shtaka la ulaghai wa kutumia posta na simu, kwamba habari ya makala ya kesho, kabla haijachapishwa, ni mali ya gazeti, na Winans aliitoa mali ya mwajiri wake.