Kompaksheni ya RAM: inachofanya kweli na yale inayosingiziwa

Yeyote aliyewahi kukaa na laptopu ya Linux iliyoanza kukwamakwama, akafungua top, ile amri ya kuonyesha programu zinazoendesha, kuangalia nani anakula CPU, jina kcompactd0 sio geni kwake; ndo mfanyakazi wa kompaksheni, yaani kupanga upya vilivyomo kwenye RAM ili nafasi tupu ziungane. Na maneno yanayosemwa hapa mjini kuhusu hilo jina ni mengi, na mengi yake sio kweli. Nataka niyapitie kwa sababu kuna watu wanavuruga seva za kazi kwa kuyaamini, na wengine wanashuka Kariakoo kununua RAM wakati RAM haikuwa shida yao kabisa.

Dhana inayosambaa kuliko zote: "hicho ni kirusi, kinachimba bitikoini."

Hapana jamani. kcompactd ni sehemu ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo wa Linux, imo ndani tangu toleo la 4.6 la mwaka 2016, ni kazi ya Vlastimil Babka, na ile sifuri ya mwisho ni namba ya nodi ya memori, yaani fungu la RAM lililo karibu na prosesa fulani, laptopu zetu zina nodi moja ndo maana unaiona kcompactd0 peke yake, ukienda kwenye seva kubwa yenye prosesa mbili utakuta na kcompactd1. Hofu yenyewe naielewa maana wahalifu wanaoiga majina ya kerneli wapo kweli, kile kirusi cha kdevtmpfsi kilichosumbua seva nyingi kiliiga jina la kdevtmpfs ambacho ni kitu halali. Ila kutofautisha sio kazi. Andika ps -ef uangalie namba ya mzazi (PPID), yaani aliyeianzisha hiyo programu, wafanyakazi wa kerneli mzazi wao ni namba 2, yaani kthreadd, na ukitafuta faili la programu yao kwenye diski hulipati kwa sababu halipo. Kirusi cha kawaida kinaweza kujipa jina lolote kinalotaka, hata kujiwekea mabano ya mraba, lakini mzazi namba 2 hakimpati.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wengi wanaamini kompaksheni inaongeza RAM, au inasafisha RAM, au "inatoa takataka". Ndo maana mtu anaiendesha kwa mkono alafu anaandika free -m kuona RAM iliyobaki, anakuta namba ile ile, anasema haifanyi kazi. Imefanya kazi vizuri tu, ila kazi yake haikuwa hiyo.

Chukua mtaa wa Mkunguni pale Kariakoo saa tano asubuhi. Nafasi za kuegesha zipo, ila moja iko hapa, nyingine kule baada ya bajaji tatu, nyingine mbele ya duka la vitenge. Bajaji ikija inaingia popote. Fuso la mzigo likija halipati pa kukaa, hata kama ukijumlisha zile nafasi zote zinalitosha mara mbili. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzisogeza bajaji zikae upande mmoja ili zile nafasi ziungane, hapo hakuna nafasi iliyoongezeka, zimeungana tu. Na kama kuna bajaji ambayo dereva kaondoka na ufunguo, hiyo haisogei, na moja tu ikikaa katikati inatosha kulinyima Fuso nafasi.

Kwenye kerneli iko hivi. Memori inagawanywa kwa kurasa, na kwenye prosesa za x86 ukurasa mmoja ni KB 4. Mgawaji wake, anayeitwa badi, anatunza vipande vitupu kwa ukubwa unaojizidisha mara mbili mbili: KB 4, KB 8, KB 16, mpaka MB 4. Anayeomba MB 2 anaomba kurasa 512 zilizofuatana bila hata moja iliyokaliwa katikati, na zinatakiwa kuanzia mahali pake maalumu. Zikikosekana ndo kompaksheni inaingia. Inatuma wasomaji wawili kwenye eneo la memori, mmoja anaanzia chini akipanda, anatafuta kurasa zenye watu na zinazohamishika, mwingine anaanzia juu akishuka anatafuta tupu, za chini zinahamishiwa kwenye tupu za juu, wanaenda hivyo hivyo mpaka wakutane, na chini kunabaki vipande virefu vitupu. Mbinu hii ya Mel Gorman iliingia Linux toleo la 2.6.35, mwaka 2010.

Wapo wanaoichanganya na kubana data. Yaani mtu anadhani kerneli inachukua vilivyomo kwenye RAM inavifinya viwe vidogo kama faili la zip. Kitu hicho kipo, kwenye Linux kinaitwa zram, na simu nyingi za Android zinakitumia, ila ni kitu kingine kabisa. Zram inabadilisha ukubwa wa data, kompaksheni haigusi data yenyewe hata biti moja, inabadilisha mahali inapokaa tu. Labda mkanganyiko unachangiwa na kwamba mtu yule yule, Nitin Gupta, ndo aliyeandika zram na miaka kadhaa baadaye akaandika kompaksheni ya kujihami mapema, ambayo nitaifikia.

Dhana nyingine inatoka kwa watu wanaojua kidogo, na hii naiheshimu maana ina mantiki: "RAM sio diski ya kuzunguka. Kusoma hapa au kule muda ni ule ule. Kwanini kuhangaika kupanga?"

Kwa programu ya kawaida ni kweli kabisa haina shida. Programu inaona anwani zake za kufikirika zimefuatana vizuri, jedwali la kurasa ndo linajua kwamba nyuma ya pazia zimetapakaa. Lakini kuna mambo mawili yanayofanya mfuatano wa kweli uwe na thamani. La kwanza ni vifaa. Kadi ya mtandao, kamera, kadi ya picha, baadhi yake zinaandika moja kwa moja kwenye memori bila kupitia jedwali lolote, zinataka kipande kimoja kizima. La pili, na hili ndo kubwa kwa seva, ni ule mfuko mdogo ndani ya prosesa unaokumbuka tafsiri za anwani, TLB. Mfuko huu ni mdogo sana. GB 1 ya memori kwa kurasa za KB 4 ni tafsiri 262,144, kwa kurasa za MB 2 ni tafsiri 512 tu. Kwa databesi inayorukaruka ndani ya memori kubwa, tofauti hiyo inaonekana kwenye kasi, na ndo sababu Linux toleo la 2.6.38 la mwaka 2011 ikaleta kurasa kubwa za kujipanga zenyewe (transparent hugepages). Kurasa kubwa zinataka vipande vya MB 2, vipande vya MB 2 vinataka kompaksheni, kwahiyo anayesema kompaksheni haina maana aanze kwanza kueleza kurasa kubwa zitatoka wapi kwenye seva iliyowaka miezi.

Hapo hapo linaanguka na lile la "ongeza RAM uondokane na tatizo". Unaweza kukuta kwenye dmesg, kule kerneli inakoandika ujumbe wake, inalalamika imeshindwa kugawa memori ya oda 4, maana yake kipande cha KB 64, na mistari inayofuata inaonyesha wazi kuna mamia ya MB tupu. Fundi asiyeijua hii atamwambia mteja anunue RAM. Mteja atanunua, atawasha upya mashine, itakuwa nyepesi wiki ya kwanza kwa sababu imewashwa upya tu, alafu inarudi pale pale. Kabla ya kutoa hela angalia /proc/buddyinfo. Kila mstari una namba kumi na moja, ya kwanza kushoto ni idadi ya vipande vitupu vya KB 4, ya mwisho kulia ni vya MB 4. Ukiona kushoto kuna maelfu alafu kulia ni sifuri sifuri tupu, RAM unayo, imetapakaa. Ukiona sifuri au namba ndogo kila mahali, basi hapo kurasa tupu ndo zimeisha na kompaksheni haiwezi kukusaidia chochote, maana yenyewe pia inahitaji kurasa tupu za kuhamishia.

Kuna wasiwasi kwamba kurasa zikihamishwa wakati programu inaendelea, data inaweza kupotea au programu ikasoma mahali pasipo. Haiwezekani kwa mpangilio wake: kerneli inaweka alama kwenye jedwali kwamba ukurasa huu uko safarini, programu ikiugusa muda huo inasubiri kidogo, nakala ikikamilika jedwali linaelekezwa mahali papya. Anwani inayoiona programu haibadiliki kamwe.

Ila sio kila ukurasa unahamishika, na hili watu hawalisemi kabisa. Kurasa za programu zinahamishika. Kurasa nyingi za kerneli yenyewe hazihamishiki kwa sababu kerneli inazitaja kwa anwani halisi, na kurasa zilizoshikiliwa na kifaa kinachoandika data nazo haziguswi. Ndo maana tangu toleo la 2.6.24 la mwaka 2008 kerneli inajitahidi kuziweka zinazohamishika upande wao na zisizohamishika upande wao. Memori ikibana sana utengano huo unavunjika, ukurasa mmoja wa kerneli unakwenda kukaa katikati ya MB 2 za wengine, na kipande hicho kinakuwa kimeharibika mpaka mwenyewe auachie.

Sasa hili linaniuma kweli kwa sababu nimeliona kwenye seva za watu wanaofanya biashara halisi: mstari kwenye cron, ile ratiba ya kazi za kujiendesha, wa kuandika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches kila saa, na chini yake mwingine wa kuandika 1 kwenye compact_memory. Mtu kaunakili mahali, kaambiwa unaongeza kasi. Hivyo ni vitu viwili tofauti. drop_caches inatupa nakala za mafaili ambazo kerneli ilizihifadhi ili isirudi kwenye diski, kwahiyo kila saa seva inaanza upya kusoma kila kitu kutoka diski na wateja wanasubiri. compact_memory inalazimisha maeneo yote ya memori yapangwe saa hiyo hiyo, haja iwepo isiwepo, prosesa inachapa kazi ambayo pengine hakuna aliyeiomba. Ni vifaa vya kupimia na kujaribia, mfano unataka kuanza jaribio la kasi kutoka hali inayofanana kila mara, au unakaribia kuwasha mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta) kubwa inayotaka kurasa kubwa nyingi kwa mpigo. Kuviweka kwenye ratiba ya seva inayohudumia watu ni kujiumiza.

Na haihitajiki, maana kerneli tayari ina njia tatu za kufanya kazi hii. Kuna ya papo kwa papo, programu inaomba kipande kikubwa, hakipo, inasimamishwa wakati upangaji unafanyika, hii ndo inayouma kwa sababu mtumiaji anaihisi. Kuna ya nyuma ya pazia, ndo huyu kcompactd anayeamshwa memori inapokuwa imechafuka ili programu zisisimame. Alafu kuna ile ya Nitin Gupta, iliingia toleo la 5.9 mwaka 2020, hii haisubiri kuombwa, kila nusu sekunde inakagua hali ya mtapakao na ikivuka kiwango inapanga mapema. Kiwango kinawekwa kwenye compaction_proactiveness, kuanzia 0 mpaka 100, ya kawaida ni 20. Kuipandisha mpaka 100 ukidhani ndo mwendo wa kasi ni kosa, utamfanya kcompactd asilale.

Simu nazo zimeingizwa humu. Zile aplikesheni za "kuongeza RAM" ambazo baadhi ya vijana wa kurekebisha simu Makumbusho wanamwekea mteja, zinaonyesha mduara unazunguka na namba inashuka, haziwezi kabisa kufanya kompaksheni. Kuandika kwenye mipangilio ya memori ya kerneli kunahitaji ruhusa ya root, yaani ya msimamizi mkuu, ambayo aplikesheni ya kawaida haina. Zinachofanya ni kufunga aplikesheni nyingine, na nyingi ya hizo zinajiwasha tena baada ya muda, kwa kuanza mwanzo, na betri ndo inayolipa. Na ile simu iliyoandikwa RAM 8+8 kwenye boksi, ile nane ya pili ni nafasi ya hifadhi ya simu inayotumika kama swapu, yaani ya kuazimia RAM inapojaa, haihusiani na kompaksheni, na haina kasi ya RAM.

Inabaki hoja ya kuizima. Wanafunzi wengi wenye laptopu za mtumba, wanaendesha mashine pepe mbili tatu za mafunzo ndani ya GB 8, wanakutana na kcompactd0 imekaa asilimia 100 na feni inalia. Hilo tatizo ni la kweli, sisemi mnaliota. Ila kill -9 haina nguvu kwa mfanyakazi wa kerneli, ishara inapuuzwa tu, na kuondoa kompaksheni nzima kunahitaji kujenga kerneli upya. Mashine pepe inashikilia kurasa nyingi na inataka vipande vikubwa, kcompactd anabaki anazunguka bila kufanikiwa. Jaribu kwanza kuweka compaction_proactiveness iwe 0, hiyo inazima ile ya kujihami mapema tu, ya nyuma ya pazia inabaki. Alafu angalia /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/defrag imewekwaje, ikiwa always irudishe madvise, ili kurasa kubwa zipiganiwe kwa programu zinazoziomba tu. Na punguza RAM uliyozipa hizo mashine pepe, maana kompyuta mwenyeji nayo inahitaji ya kwake.

Kabla ya yote hayo lakini, soma /proc/vmstat. compact_stall inahesabu mara ngapi programu zimesimamishwa kusubiri upangaji, compact_success na compact_fail zinakwambia ziliishaje. Chukua namba, fanya kazi zako kama kawaida, chukua tena. Kama compact_stall haijasogea, programu zako hazisimamishwi kusubiri upangaji, kukwama kunaweza kuwa kunatoka kwingine, angalia diski na swapu. Kama inapanda na compact_fail inapanda nayo karibu sawa, basi huenda kuna kurasa zisizohamishika zimetapakaa, na /proc/pagetypeinfo itakuonyesha ziko kwenye eneo gani, ila hiyo ifungue kwa root.