Eti funk ni kodi moja tu

Jumamosi iliyopita kaja kijana mmoja darasani, miaka 19 hivi, na besi, lile gitaa la sauti nzito za chini, mpya kabisa hata stika ya dukani haijabanduka. Namuuliza unataka tuanze na nini, ananiambia "mwalimu mi nataka Sex Machine ya James Brown, ila hiyo haichukui muda, si kodi moja tu ile." Kodi hapa ni nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, sio kodi ya serikali, na funk ni ule muziki wa kucheza wa Wamarekani weusi wa kina James Brown. Nikacheka kwa nje, ila moyoni nilichoka, maana kauli hii nimeshaisikia kwa wanafunzi, kwa mapromota, mpaka kwa jamaa wa kinanda wa bendi yetu ya hotelini ambaye alitakiwa kuwa anajua. Na ikishatoka hiyo lazima ifuate ya pili, kwamba ndo maana nyimbo hizi hazichuji, ni rahisi, kila mtu anaziweza.

Jamani.

Ok, kodi ni chache, hilo nakubali. Sex Machine inakaa sehemu moja wee mpaka James Brown mwenyewe aombe wahame, wanahama kidogo, wanarudi. Cold Sweat ya 1967 hivyohivyo. Sasa we jiulize, kama kodi hazibadiliki nini kinamfanya mtu asiondoke ukumbini kwa dakika zote hizo? Kodi zikipungua kazi yote inahamia kwenye muda, nani anaingia lini, anatoka lini, ananyamaza kiasi gani. Na hapo ndo wengi wanapofia.

James Brown kuanzia 1965 kuja mbele aliichukua bendi nzima akaifanya ngoma. Gitaa ngoma, tarumbeta ngoma, na yeye mwenyewe na zile kelele zake ngoma. Kama umewahi kukaa karibu na ngoma za kwenu hili unalijua bila kusoma nota, chapuo ina yake, vumi lina lake, msondo una wake, na ukimsikiliza mpiga vumi peke yake utasema huyu anakula hela ya bure, anapiga du, anasubiri, du, anasubiri. Haya mwambie apumzike uone kina mama watakavyosimama kucheza na kuanza kuangaliana.

Basi yule kijana nikamwambia piga. Akapiga, vidole vinakimbia kama anachambua mchele, nota kila mahali, hakuna hata sehemu ya kupumua. Nikazima spika, nikawasha metronomu, kile kidude cha kuhesabu mapigo, nikamwambia sasa piga nota moja tu, pigo la kwanza, halafu nyamaza matatu yaliyobaki. Dakika kumi. Akaniangalia kama nimemtukana. Dakika ya kwanza anawahi, ya pili anachelewa, ya tatu mkono unamwasha anataka kuongezea vinjonjo, ya tano jasho. Kodi moja hiyo baba, na nota moja, na bado imekushinda.

Na asijisikie vibaya maana yalimkuta mkubwa wake. Machi 1970 wanamuziki wa James Brown walimgomea kwa sababu ya malipo, akawaita vijana kutoka Cincinnati, mmoja wao Bootsy Collins, alikuwa na miaka 18 tu pale waliporekodi Sex Machine. Bootsy mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alikuwa anapiga vitu vingi mno na mzee akawa anamkalisha chini anamwambia nipe pigo la kwanza kwanza, ukishanipa hilo hayo mengine fanya unavyotaka. Hiyo ndo siri yote ya funk na mimi naiuza kwa bei ya somo moja.

Halafu kuna Funky Drummer, iliyorekodiwa 1969, Clyde Stubblefield kwenye drams. Isikilize kwa hedifoni, sio kwa spika ya simu, utasikia kati ya pigo kubwa na pigo kubwa kuna vipigo vidogo vya sneya, ile ngoma kali ya kwenye drams, vinanong'ona kama mtu anakwangua sufuria chumba cha pili. Hivyo ndo vinavyokutingisha shingo na hujui kwa nini. Inafika sehemu ya drams kubaki peke yake, na James Brown anamwambia humohumo kwenye wimbo kwamba asipige solo, aendelee na alichonacho tu. Sekunde chache zile zikaja kukatwa na watu wa hip hop wakaziweka kwenye nyimbo zao, kina kundi la Public Enemy na wengine wasiohesabika, na kumbuka wakati huo mashine za kupiga ngoma zilishakuwepo madukani, biti unaitengeneza chumbani kwako, ila walirudi kumkata Stubblefield. Kama ilikuwa rahisi si wangepiga wenyewe? Yeye kafariki 2017, na kwenye hela za haki ya utunzi hakuwemo, maana hakuandikwa kama mtunzi. Inaniuma kila nikiipiga.

Ushauri wangu ambao nautoa hata kwa asiyeniuliza: kabla hujagusa uzi, imba mstari wa besi kwa mdomo ukiwa unatembea kwenda kituoni. Miguu ikipoteana na mdomo, bado hujaujua wimbo, usinipotezee Jumamosi.

Haya, kauli zingine ninazozisikia nazipitia chapchap.

"Zinapendwa na wazee, ni kumbukumbu tu." Nimepiga September ya Earth, Wind & Fire (1978) kwenye harusi ambazo bi harusi kazaliwa 2000 na kitu, anakumbuka nini huyo? Anaimba ba-de-ya kwa nguvu zote na ba-de-ya yenyewe haina maana, Allee Willis aliyeshiriki kuandika maneno alimbembeleza Maurice White, kiongozi wa bendi, waitoe waweke neno la kueleweka, White akagoma.

"Soul ni hisia tu, unafumba macho inatoka." Soul ndo muziki uliozaa funk. Muulize aliyekuwa bendi ya James Brown, ukikosea nota unapigwa faini, kiatu kichafu faini. Hisia zipo ila zinakuja zimeshafanyiwa mazoezi.

"Motown ni sauti za waimbaji." Motown ni kampuni ya rekodi. Waimbaji walibadilika wimbo kwa wimbo, ila chini yao wapigaji walikuwa walewale, Funk Brothers, wamejibana kwenye studio ndogo ndani ya nyumba ya kawaida pale West Grand Boulevard, Detroit, na majina yao hayaandikwi kwenye kava miaka na miaka mpaka What's Going On ya Marvin Gaye, 1971.

"Ni muziki uliopigwa na weusi peke yao." Wenye muziki ni weusi, hilo halina mjadala. Ila Booker T. & the M.G.'s waliopiga nyuma ya mwimbaji Otis Redding kule kampuni ya rekodi ya Stax walikuwa mchanganyiko, weusi na wazungu, ndani ya Memphis ileile ya ubaguzi.

"Huku kwetu umekuja na YouTube." Babu yako alikuwa anacheza soul Dar es Salaam mpaka serikali ikaipiga marufuku mjini mwaka 1969, eti inaharibu vijana. Na 1974 James Brown na Bill Withers walikuwa Kinshasa jukwaani kabla ya pambano la Ali na Foreman. Muulize babu, usimuulize YouTube.

Ya mwisho ni ya vifaa, "bila besi ya bei huwezi kupata ile sauti." James Jamerson, besi ya nyimbo nyingi za Motown unazozijua, alikuwa anapiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, kwenye besi ya nyuzi nne, na nyuzi habadilishi mpaka ukatike. Yule kijana wa Jumamosi nikaja kugundua kauza simu yake nzuri ili aongezee hela anunue ya nyuzi tano. Uzi wa tano mpaka tunamaliza somo hajaugusa.