Oparesheni ya utumbo ya matundu: kidonda kidogo kinaweza kuua

Oparesheni ya matundu ni ipi?
Badala ya kupasua tumbo zima daktari anatoboa matundu machache, mengi ni milimita 5 mpaka 12, anapitisha kamera na vifaa, tundu moja linaongezwa kidogo ili kipande cha utumbo kitoke. Unaruhusiwa mapema. Sasa shida inaanzia hapo, mtu kafanyiwa Dar karudi na basi mpaka Masasi, anaona vidonda vidogo anajua kapona.

Tundu dogo hivyo litanifanya nini?
Linaweza kukuua, ukilichezea. Udogo ni wa ngozi tu, ndani wamekata utumbo ambao umejaa bakteria, wakipata upenyo wanatambaa kwenye utando unaofunika misuli wanaozesha nyama huku ngozi ya juu bado nzima. Maambukizi haya hayawapati wengi, ila yakikupata tunahesabu masaa.

Nitajuaje?
Maumivu. Kidonda kinaonekana cha kawaida lakini mtu analia, shuka likimgusa tu anaruka. Na yanazidi badala ya kupungua. Kwa ngozi zetu nyeusi usitegemee kuona wekundu, angalia ngozi iliyovimba, inang'aa, ngumu, ya moto, halafu inageuka zambarau au nyeusi, malengelenge, majimaji ya kijivu yananuka. Ukibonyeza unahisi kama vipovu vya hewa chini ya ngozi. Homa, moyo kwenda mbio, kuongea vitu havieleweki. Wengine homa hawana kabisa kwahiyo usiisubiri. Na kidonda kikitoa kitu chenye harufu ya choo, huenda utumbo unavuja, hiyo nayo ni dharura.

Si nisubiri siku mbili tatu nione?
Hapana.

Hata mpaka kesho asubuhi, usafiri wa usiku shida?
Hapana ndugu yangu. Tafuta gari, tafuta bodaboda, mwamshe jirani, uje hospitali. Kila saa unayosubiri ni nyama nyingine tutakayokata.

Nimeweka kidondani unga wa rangi mbili (ule wa kapsuli za antibiotiki), kimekauka juu.
Jamani hii rangi mbili! Kila siku tunakosha huo unga wa njano kwenye vidonda vya watu, chini ya gamba usaha umejaa. Hautibu, unaficha. Na majivu vilevile, na dawa ya meno, na kukanda kwa maji ya moto. Sindano za maumivu za duka la dawa ndo hatari zaidi maana zinazima ile alama tunayoitegemea, unalala vizuri huku kunaoza.

Nani ajihadhari zaidi?
Mwenye kisukari kwanza, halafu mvutaji sigara, mnene sana, mwenye kinga ndogo. Na baba unayetoka hospitali wiki hiyohiyo unaenda kupuliza salfa kwenye mikorosho, jasho na vumbi vyote kidondani, mikorosho ina wenyewe nyumbani, waache wapulize.

Hospitali mtanifanya nini?
Dripu, antibiotiki za mshipa, na kurudi tiatani (chumba cha oparesheni) kukata nyama iliyokufa, mara nyingi zaidi ya mara moja. Vidonge peke yake haviponyi hii.

Nije na nini?
Karatasi ulizopewa ulipofanyiwa oparesheni na dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, hatutakugombeza. Tuambie pia umekula saa ngapi, maana huenda ukaingia tiatani muda huohuo.